Mlango Unaoangalia Barabara

Jumapili, 3 Machi. Kwamndolwa, Korogwe.

Mvua imeanza. Daktari Emiliana, anayemtibu Baba, ameniambia niwe naandika: anapotea wapi, anakumbuka nini, anatulia wakati gani. Alisema niandike ya Baba tu. Lakini anayekaa na Baba ni mimi, na ya kwake na yangu siku hizi siwezi kuyatenganisha.

Basi hali ni hii. Nafundisha baiolojia sekondari. Mama yetu, Bi Hafsa, alifariki Januari nyumbani Kwamsisi, kule Handeni. Chumbani alikuwa na Baba peke yake. Mdogo wangu Salimu anaishi pale pale uani. Alimkuta Baba amekaa kwenye benchi nje, ametulia tuli, akaingia ndani akakuta mambo yamekwisha. Mimi nilifika jeneza limeshatoka. Nikauliza, amekufaje? Alisema nini? Kila mtu akamtazama Baba. Baba naye, jioni ile ile, akaniuliza wageni wote hawa wamefuata nini.

Baada ya arobaini nikamchukua nikaja naye huku. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwaija, mama yako yuko wapi?" Namwambia. Anashika kichwa, anasema innalillahi, anauliza lini, kwa nini hakuna aliyemwambia. Nusu saa baadaye ameshasahau, anauliza chai. Siku za mwanzo tulikuwa tunalia wote. Sasa namwambia huku nakoroga uji, na jicho langu kavu. Sisikii kitu. Nimefiwa asubuhi nyingi mno.

Jumanne, 12 Machi.

Siku ya kwanza ya mfungo. Daktari alikataza Baba asifunge kwa sababu ya dawa. Nimemwambia, akanijia juu: "Wewe mtoto ndiye wa kunifundisha dini?" Akafunga. Saa sita nikamkuta anakunywa maji, anashukuru Mungu kwa maji matamu. Aliyesahau hana dhambi, kwa hiyo mzee wangu atafunga mwezi mzima na hatokuwa na kosa hata moja.

Alhamisi, 14 Machi.

Mvua. Nimesahihisha mitihani. Hakuna jingine.

Jumapili, 17 Machi.

Baba kapotea. Nilikuwa naanika nguo barazani, nageuka, geti liko wazi. Nimezunguka mtaa mzima na mwavuli. Jirani yangu Mama Dorkasi ndiye aliyemrudisha, kamshika mkono, yuko na nguo zake za kanisani na kicheko mdomoni.

"Mwalimu, njoo umchukue mzee wako, ameokoka!"

Kumbe alikuwa amekaa kanisani kwao, benchi la mbele, anapiga makofi na kwaya. Mama Dorkasi ni Mshambaa wa milimani, hajawahi kukosa la kunitania. "Nyie watu wa nyika bwana, mkishushwa mjini mnaingia popote penye kelele." Nikacheka, maana kwa mtani ndivyo inavyotakiwa. Cheko lenyewe lilitoka kama la mtu mwingine.

Nikamuuliza Baba alikuwa anaenda wapi. "Msikitini, wapi tena? Ukitoka uani unashika kushoto."

Kushoto kwangu ni kanisani.

Jumatano, 20 Machi.

Tumekwenda kliniki. Barabara imejaa maji, tumefika tumelowa hadi magotini.

Daktari Emiliana alimpa Baba karatasi achore saa. Akachora duara zuri, namba zote akazirundika upande mmoja. Akamuuliza hapa ni wapi. Baba akamjibu kwa heshima zote, "Hapa ni kwako, mama. Sisi ni wageni."

Kisha daktari akanieleza. Nitaandika nilivyoelewa, maana silabasi yangu haifiki huko.

Akasema, "Mwalimu, wewe neva unazijua, nisikuchoshe. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Pale kuna seli, na kila moja ina mahali pake. Ukisimama mlangoni inawaka moja. Ukifika jikoni ile inanyamaza, inawaka nyingine. Jirani yake kuna seli nyingine za kupima umbali. Zinawaka kwa nafasi zilizolingana, na ukitia alama kila zilipowaka, unaona umbo la masega ya nyuki. Kuna nyingine zinajua uso wako umeelekea upande gani, na nyingine zinawaka ukikaribia ukuta. Ukizijumlisha zote, mtu ana ramani."

"Nani aliyeziona zinawaka?"

"Walianza na panya. Walitiwa nyaya nyembamba kichwani, wakaachiwa watembee."

"Panya wa nani?" Baba akauliza.

"Panya wa watafiti, mzee."

"Hawana paka?"

Daktari akacheka sana. Kisha akaniambia lile lililonileta. Sehemu hiyo hiyo inayojua mahali ndiyo inayoweka yaliyotokea, na jambo huwekwa pamoja na pale lilipotokea. Ugonjwa wa Baba unaanzia pale pale. Ramani mpya hawezi tena kuchora. Za zamani zinadumu kidogo, nazo zitaondoka.

Nikamuuliza, "Na lile la Januari? Mahali ni pa zamani, lakini jambo lenyewe ni jipya."

Akasema, "Siwezi kukuahidi. Pengine halikuingia kabisa. Pengine limo, ila akiwa huku hana pa kulishikia."

Nimeliandika hapa ili nisilisahau. Mtu pekee aliyeiona saa ya mwisho ya Mama ni huyu aliyeuliza panya wa nani. Akiondoka nayo, hakuna mwingine wa kumuuliza. Hilo tu ndilo ninalolitaka masika hii, na nashangaa kwamba bado kuna kitu nakitaka.

Jumapili, 31 Machi.

Nimeanza kumdanganya. Asubuhi kauliza, nikasema Mama kaenda Mkumbara msibani.

"Msiba wa nani?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikataja jina, nikamuua mtu wa Mkumbara ambaye hata hakuzaliwa. Baba akamsikitikia sana. Akasema alikuwa mtu mwema.

Jumatano, 10 Aprili.

Idi. Nimepika pilau, Mama Dorkasi na watoto wake wamekula kuliko sisi tuliofunga. Salimu kapiga simu. "Dada, mvumilie tu mzee, ni mtoto huyo sasa." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwambia asante, idi njema.

Alhamisi, 18 Aprili.

Leo nimemtukana baba yangu. Halafu nimeelewa kitu. Niandike kwa mpangilio.

Nimerudi kazini nimechoka, maji ya mafuriko yametufungia njia ya chini, nimezunguka kwa miguu. Nafungua mlango, harufu. Baba kakojoa tena kwenye kona ya stoo, juu ya gunia la mchele. Siyo mara ya kwanza. Choo kiko hatua chache kutoka chumbani kwake, upande wa kulia, nimeandika CHOO kwa herufi kubwa, nimebandika na mshale. Nikapiga kelele. Nikasema maneno ambayo binti hasemi. Baba alisimama pale na suruali imelowa, akaniambia taratibu, "Samahani, mama." Alidhani mimi ni mwenye nyumba.

Nikamwosha. Nikafua. Nikakaa sakafuni, sina hasira wala huruma, kichwa kitupu kabisa. Yeye akatoka tena chumbani, nami nikamtazama tu kama ninavyomtazama mende.

Alipofika mlangoni pa chumba aliinamisha kichwa. Mlango wangu ni mrefu, hata Salimu anapita wima. Akanyanyua mguu akavuka kizingiti ambacho hakipo. Akashika kushoto, akanyoosha mkono akagusa hewani, kama anagusa ukuta wa jiko, akapinda tena, akafika stoo, akasimama.

Mtume! Kwamsisi mlango wa nyuma ni mfupi, una kizingiti. Ukitoka unashika kushoto, unapita jiko la nje, nyuma ya jiko kuna choo. Na msikiti je? Ukitoka uani, kushoto.

Baba yangu hajapotea hata siku moja. Siku zote hizi anatembea nyumbani kwake, kila hatua iko sahihi. Aliyeweka gunia la mchele chooni kwake ni mimi.

Jumamosi, 27 Aprili.

Juzi kidato cha nne nimewafundisha seli za mahali, ingawa hazimo kwenye mtihani. Msichana mmoja, Upendo, aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mtu akihama, ramani yake ya zamani inakwenda wapi?" Nikamjibu haiendi popote, inakaa inasubiri arudi. Sina hakika kama ni kweli. Wakaandika.

Jumapili, 5 Mei.

Nimempigia Salimu. Nimemweleza yote: seli, panya, choo, kizingiti. Nimemwambia shule ikifunga namrudisha Baba Kwamsisi, akae nyumba yake, chumba chake, kitanda chake. Kama Januari imebaki popote kichwani mwake, itakuwa mle chumbani.

Salimu akacheka kwa furaha. "Mlete, dada. Kuna kitu tunamwandalia mzee, mtafurahi wenyewe."

"Kitu gani?"

"Wewe mlete."

Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Sikuuliza tena.

Jumapili, 12 Mei.

Mchana Baba kalala mkekani, miguu inachezacheza. Nimesoma kwamba panya akilala, seli zake huirudia njia aliyopita, moja baada ya nyingine, upesi upesi. Sikumwamsha. Nilijisemea, afike.

Jumapili, 19 Mei.

Mvua imepungua. Uji, swali, Mkumbara.

Jumamosi, 1 Juni. Kwamsisi.

Jana tumefunga shule, leo tumesafiri. Toka tulipoacha lami Baba alianza kuchangamka. Anataja mashamba na wenyewe, hakukosea hata moja. Dereva akaniuliza, "Huyu ndiye mnayesema anasahau?" Moyo wangu ulisogea kidogo.

Tumeshuka. Nikatazama. Nikadhani tumeshushwa kwa watu.

Nyumba ya matofali ya saruji, ile ambayo Salimu aliipandisha kuta mwaka juzi ikasimama gofu, sasa imeezekwa bati la bluu. Imepakwa chokaa. Ina baraza na nguzo mbili, na mlango mkubwa wa mninga unaoangalia barabara. Nyumba ya udongo ya Baba na Mama, iliyokuwa nyuma yake, haipo. Panaonekana mbingu.

Salimu na mkewe Zuena wakatoka wanapiga vigelegele. Majirani wamejaa. Salimu ana machozi. "Baba, karibu kwako. Hutaingia tena nyumba ya udongo."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Ile nyumba iko wapi?"

"Nimeibomoa, dada. Mvua ilishaila upande mmoja. Na udongo wake umenifaa kweli, ndio kifusi cha sakafu hii. Hatukununua hata tripu moja."

Kila mtu hapa akijenga hufanya hivyo. Nyumba ya zamani inakuwa kifusi cha mpya, na mlango wa mbele unageuziwa barabara ili wapita njia wajue watoto wa mzee fulani hawakulala. Siwezi kusema alifanya jambo la ajabu. Hata mimi, kabla ya masika hii, ningepiga kigelegele.

Baba alisimama barabarani, anatazama bluu ile. Akaninong'oneza, "Wametukaribisha vizuri. Tusikae sana."

Jumapili, 2 Juni.

Nimegombana na Salimu. Nilimwambia nilikueleza kizingiti, nilikueleza kitanda, ukanicheka. Akaniambia, "Wewe na panya zako! Mama kafa, mzee analala kwenye vumbi, kijiji kizima kinanitazama mimi. Siyo wewe uliyeko mjini." Akaongeza, "Nilimjengea Mama ile nyumba. Hakuiwahi. Nikasema angalau huyu aiwahi."

Nilikwenda kukaa nyuma, jiko la nje bado lipo, choo cha zamani bado kipo. Palipokuwa na nyumba pamebaki udongo uliochimbika, na Zuena, mtu asiyependa ardhi ikae bure, keshapanda mchicha. Nilitegemea nitalia. Nikachuma mchicha wa jioni.

Jumanne, 4 Juni.

Baba kila ikifika alasiri anavaa kofia, anakuja kwa Salimu, anamwambia, "Baba, tumekula, tumeshiba, tunashukuru. Sasa tupe ruhusa twende kwetu." Salimu anatoka nje. Leo hakurudi mpaka magharibi.

Kukojoa anakojoa barazani, kwenye nguzo.

Jumatano, 5 Juni.

Kauliza. Mkumbara.

Alhamisi, 6 Juni.

Salimu hajala tangu juzi. Zuena ananiambia, mume wangu anakuogopa, dada. Nikamwambia Salimu aje tule, nyumba ni nzuri. Na ni nzuri kweli, mlango ni wa mninga. Kosa lake na langu ni moja: wote tulimchukua Baba tukamweka mahali tulipopaona sisi kuwa pazuri.

Ijumaa, 7 Juni.

Asubuhi Zuena alikuwa anaosha watoto kwenye choo cha ndani. Baba akaomba kwenda haja, nikampa kopo la maji nikamtoa kwa mlango wa pembeni, nikamwongoza mpaka choo cha zamani. Ni mara yake ya kwanza kwenda kule tangu tufike. Siku zote tumempitisha mlango mkubwa, upande wa barabara. Nikamwacha, nikakaa jikoni kupukuchua mahindi.

Akatoka. Akapita nyuma ya jiko, akagusa ukuta wake kwa kiganja, akaweka kopo chini bila kutazama. Akaenda moja kwa moja kwenye mchicha. Hapo akainamisha kichwa, akanyanyua mguu, akavuka. Akapinda kulia, akatembea hatua chache, akageuka, akakaa chini taratibu, kama mtu anayekaa ukingoni mwa kitanda mwenzie asiamke.

"Mchicha wangu!" Zuena akapiga kelele kutoka dirishani.

Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Nikaacha mahindi, nikamkimbilia Baba kwa njia ya mkato.

"Pita mlangoni," Baba akasema. Hakunitazama.

Nikarudi. Nikatafuta mahali alipopitia. Nikainama, nikanyanyua mguu, nikaingia kwa mama yangu.

"Kaa."

Nikakaa udongoni mbele yake. Alikuwa anatazama mahali pa mto wa kulalia. Uso wake ulikuwa wa zamani, uso wa mtu mwenye nyumba.

"Umefika lini, Mwaija?"

"Nimefika sasa, Baba."

"Hukumkuta."

"Sikumkuta."

"Mama yako ametutoka, mwanangu." Aliniambia kwa upole, kama anayejua kwamba mimi sijui. "Aliomba maji. Nikampa kwa kijiko, viwili, akasema yametosha. Akasema mwanga unamuumiza, nimgeuzie ukutani. Nikamgeuza. Akaniuliza, Mwaija yuko wapi? Nikamwambia yuko njiani."

Siku ile, saa ile, nilikuwa darasani. Hakuna aliyekuwa amenipigia simu.

"Akasema nini?"

"Akasema, asije na bodaboda, zinaua watu. Aje na basi, hata akichelewa tutamsubiri." Baba akavuta pumzi. "Nikamshika mkono. Nikaona umekuwa mzito. Nikakaa naye, kisha nikatoka nje."

Nilikuja na bodaboda. Kutoka Handeni mjini mpaka hapa, nimemshika dereva kiunoni, namwambia ongeza mwendo, ongeza.

"Pole, mwanangu," Baba akasema, akaniwekea mkono kichwani. "Pole sana. Mama yako alikupenda."

Hakulia yeye. Hakushika kichwa, hakuuliza lini wala kwa nini hakuambiwa. Alikuwa anajua. Asubuhi zote zile nilikuwa nampa habari, na habari ndiyo iliyokuwa inamuua. Pale alikuwa anakumbuka tu, na ukikumbuka, msiba umeshakaa nao, umeshaubeba mwenyewe.

Nikalia mimi. Nililia kwa sauti, kama wanavyolia watu waliofiwa leo, nimelala kwenye mchicha wa watu. Salimu akaja mbio. Akafika kwenye mstari wa ukuta, akasimama, akazunguka, akainama, akaingia. Tulilia wawili. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akatusubiri tumalize.

Jumamosi, 8 Juni.

Asubuhi ameuliza Mama yuko wapi. Sikumwambia amekufa, wala sikumwambia yuko Mkumbara. Nimemjazia kopo, nimemzungusha nyuma ya jiko, tukaingia kwa mlango.